Nondo wa Viti Levu na nzi asiyemhitaji

Vidaka vilitapakaa chini ya mnazi, kila kimoja na kovu lililotoa utomvu ukakauka. Mnazi wa pili yake, hatua chache tu, ulikuwa umebeba mpaka unaelemewa, na mkwezi ndiyo kwanza ateremke kutoka huko juu, anajipangusa shingo na mapaja, amekasirika. Chungu wa maji moto walikuwa wamemuuma vya kutosha. Viota vyao vya majani yaliyoshonwa vilionekana tangu chini.

Nikamwambia, "Ami, si tutafute dawa tuwamalize hawa chungu, kazi yako ikawa nyepesi?"

"Mnazi usio na maji moto naukwea mbio, mwanangu," akasema. "Lakini siteremki na kitu."

Usiku ule nikakaa na simu kutafuta kama kuna mtu aliyewahi kuyachunguza hayo aliyoyasema. Yupo, na nitamfikia. Ila kabla sijamfikia nilikutana na picha ya nondo mdogo aliyechomwa pini, mali ya makumbusho, na tangu hapo yeye ndiye anayenisumbua. Wiki zimepita. Nachuja tui, namfikiria. Napita chini ya minazi, natazama juu kwenye makuti kana kwamba nitamwona, ilhali huku hajawahi kuishi, na huko alikoishi hayupo tena.

Mdudu wa kisiwa kimoja

Jina lake la kitaalamu ni Levuana iridescens. Alipewa mwaka 1906 na Mwingereza George Bethune-Baker. Mabawa yake yakikunjuliwa yalifika sentimita moja na nusu hivi: ya mbele yana weusi wa kahawia wenye mng'ao wa buluu, na mwilini ana umanjano. Mzuri, kusema kweli. Wadudu waharibifu hatuwatarajii kuwa wazuri.

Aliishi Viti Levu, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Fiji, huko Bahari ya Pasifiki, mara nne hivi ya Unguja na Pemba ukizijumlisha. Chakula chake kilikuwa mnazi. Kiwavi alikaa upande wa chini wa jani akilikwangua nyama yake, akiacha ngozi nyembamba inayokauka. Viwavi walipozidi, shamba zima lilionekana limebabuliwa na moto. Na mnazi haufi upesi kwa hilo. Unarudisha makuti, unaanza kutoa makarara, unampa mwenyewe matumaini, halafu wimbi jingine la viwavi linaingia.

Malalamiko ya kwanza yanayojulikana ni ya miaka ya 1870. Kufika mwanzoni mwa karne ya 20, katika sehemu nyingi za Viti Levu kulima mnazi kwa ajili ya mbata, nazi iliyokaushwa, hakukuwa na maana tena.

Watu wa pwani sihitaji kuwaeleza uzito wa sentensi hiyo.

Kilichowatisha wakubwa wa koloni, hata hivyo, hakikuwa Viti Levu yenyewe. Huko fedha ilikuwa kwenye miwa. Hofu ilikuwa visiwa vingine, Vanua Levu, Taveuni na visiwa vya Lau, ambavyo viliishi kwa mbata. Nondo alikuwa ameanza kuvuka na kufika visiwa vya jirani. Akishafika Taveuni, biashara imekwisha.

Hapa ningeweza kusema ilikuwa tamaa ya mkoloni tu na kuendelea mbele. Ningesema nusu ya kweli. Wafiji wenyewe mnazi kwao ni mafuta, ni kamba, ni tui, ambalo wao huliita lolo na hulipikia karibu kila kitu tunachopikia sisi. Bibi wa Viti Levu aliyetazama minazi yake ikikauka mwaka 1915 hakuwa na sababu yoyote ya kumhurumia nondo. Wala mimi nisingemhurumia, ningekuwa pale.

Safari ya nzi

Kazi alipewa John Douglas Tothill, mtaalamu wa wadudu aliyetokea Kanada, na pamoja naye vijana wawili, Taylor na Paine. Hesabu yao ya kwanza ilikuwa nzuri. Fiji nondo huyu hakuwa na adui wa maana. Mdudu asiye na adui huenda si wa pale, ametoka mahali na kuwaacha adui zake nyuma. Basi tumtafute kwao, na kwao tutawakuta wanaomla.

Wakamtafuta katika visiwa vilivyo magharibi ya Fiji, kimoja baada ya kingine. Hawakumpata popote.

Ndipo wakabadilisha njia. Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo) na Java kuna nondo wa ukoo huohuo, Artona catoxantha, naye hula mnazi. Kule ana adui: nzi ambaye leo anaitwa Bessa remota. Nzi huyo hutaga yai juu ya ngozi ya kiwavi. Funza akianguliwa hutoboa, huingia, na humla kiwavi kwa ndani mpaka amemaliza. Nzi hajawahi kumwona nondo wa Fiji, lakini huenda asijue tofauti.

Tatizo lilikuwa bahari. Kutoka Malaya hadi Suva, mji mkuu wa Fiji, ni zaidi ya kilomita 8,000, na nzi haishi muda mrefu. Suluhisho lao mpaka leo linanifanya nitikise kichwa: walipakia melini minazi michanga iliyopandwa kwenye vyombo, ndani ya vizimba, ikiwa na viwavi wa Artona, ili nzi wazaane njiani. Maana yake, ili kumuua nondo mmoja wa mnazi, walibeba nondo mwingine wa mnazi mpaka mlangoni mwa Fiji. Kizimba kimoja kingevunjika kwa dhoruba, Fiji ingekuwa na wawili. (Nawaza yule baharia aliyepangiwa kulala karibu na vizimba. Aliambiwa nini?)

Hakikuvunjika. Agosti 1925 nzi mia tatu na ushee walifika Suva wakiwa hai. Wakalelewa, wakazalishwa, wakaachiwa mashambani kwa maelfu.

Miezi tu baadaye, viwavi wengi waliookotwa walikuwa na funza ndani. Mwaka uliofuata, kumpata nondo kulikuwa kazi ya kutafuta. Mwaka 1930 Tothill, Taylor na Paine wakachapisha kitabu kizima cha kueleza walivyofanya, na bado kinatajwa kila panapozungumzwa kupambana na wadudu kwa kutumia adui zao. Tothill mwenyewe, nilishangaa kugundua, baadaye alikuja kwetu huku: akawa mkurugenzi wa kilimo Uganda.

Rekodi ya mwisho ya nondo inayoaminika ni ya mwaka 1929.

Nilishangilia kwanza

Usiku ule wa kwanza niliisoma habari hii nikashangilia. Hakuna sumu iliyomwagwa mtoni. Hakuna mkulima aliyekopeshwa dawa akashindwa kulipa. Nzi mia tatu tu, na visiwa vyote vikapata nazi. Nilimtumia rafiki yangu ujumbe wa sauti mrefu, nikimsimulia kama naelezea mechi.

Halafu nikairudia picha.

Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, imemwandika kuwa ametoweka. Na katika jenasi yake, yaani kundi la ndugu wa karibu, alikuwa peke yake, kwa hiyo alipoondoka yeye lilifungwa tawi zima. Sikuona mahali popote ambapo mtu aliketi akasema, tunataka asibaki hata mmoja. Walitaka apungue. Kupungua ndiko kulikoahidiwa, na kupungua ndiko kila mtu angekubali.

Kilichoanza kunila ni hilo. Si kwamba walimuua kwa makusudi. Ni kwamba kati ya "apungue" na "aishe" hapakuwa na mtu mwenye breki mkononi. Nzi akishaachiwa haitwi akarudi.

Mgeni au mwenyeji

Mwaka 2003 mtaalamu wa vimelea kutoka Marekani, Armand Kuris, aliandika makala iliyoifungua kesi upya. Je, kweli nzi wale walisababisha kutoweka? Na je, nondo alikuwa wa Fiji hasa? Hoja zake si za kupuuza. Uharibifu haukujulikana kabla ya miaka ya 1870, wakati meli zilikuwa zimeshaanza kuzunguka visiwa vile bila kukoma. Mdudu hakuwa na adui wa kumzuia. Akakaa kisiwa kimoja kikubwa wakati visiwa vyenye minazi vimemzunguka pande zote, hali ambayo inafanana zaidi na mtu aliyefika juzi kuliko aliyezaliwa pale. Na nani amemtafuta kwa bidii tangu hapo, mpaka tuseme hayupo?

Nilipoisoma nilihisi nafuu. Nafuu hiyo ndiyo iliyonitia shaka.

Kwa nini iwe nafuu kwangu kwamba alikuwa mgeni? Mnazi wenyewe si mgeni? Huu wetu ulikuja na bahari na mabaharia, na leo ukimwambia mtu wa pwani kwamba mnazi si wa kwao atakucheka. Nzi alikuwa mgeni. Miwa ilikuwa mgeni. Waingereza, tusiseme. Katika shamba zima la wageni, tunamchagua mmoja na kumuuliza cheti cha kuzaliwa, tena tunamuuliza akiwa ameshakufa. Sisemi hoja ya Kuris ni ya kujikosha, yeye anauliza kama mwanasayansi anavyopaswa. Nasema mimi niliipokea kwa kujikosha.

Kisha, siku nyingine kabisa, kwenye daladala, likanijia jambo ambalo lingekuwa limenijia mapema kama nisingekuwa nashughulika na lawama.

Kama alikuwa mgeni, basi ana kwao.

Kama ni mwenyeji wa Viti Levu, amekwisha, hakuna la kuzungumza. Lakini kama aliletwa, kwenye miche au kwenye makuti melini, basi kuna kisiwa fulani alikotoka, na huko huenda bado yupo, wachache wachache, akiliwa na adui zake wa asili, hana sifa wala sifa mbaya, hakuna mwenye habari naye. Tothill na wenzake hawakumpata, ni kweli. Ila visiwa vya Melanesia, sehemu ile ya Pasifiki, ni vingi na milima yake ni mikali, na nondo wa sentimita moja na nusu ambaye hajazaliana kupita kiasi si rahisi kumwona. Anayempenda nondo huyu ndiye anayepaswa kuomba awe mgeni. Mimi sasa naomba hivyo.

Adui anayekuhitaji

Swali lililobaki lilikuwa la hesabu. Mdudu mmoja anawezaje kumla mwingine mpaka wa mwisho? Simba hawamalizi pundamilia. Chakula kikipungua, mlaji naye hupungua, chakula kikapata nafasi ya kupumua.

Jibu nilipolipata nililisoma kwa utaratibu: nzi yule hakuwa akimtegemea nondo wa mnazi.

Bessa remota anaweza kulea watoto wake ndani ya viwavi wa nondo wengine wa ukoo ule. Fiji kulikuwa na nondo mwingine mdogo, Heteropan dolens, ambaye hakuwa na ugomvi na mnazi wala na mtu yeyote, na nzi hao wametajwa kuwa wamemshambulia naye. Kwa nzi, nondo wa mnazi alikuwa mlo mmoja kati ya milo kadhaa. Alipokuwa adimu, nzi hawakufa njaa. Waliendelea kuwepo kwa kula wengine, na kila kiwavi wa mnazi aliyejitokeza alikutana na nzi aliyeshiba akimsubiri.

Ukiwa na adui anayekutegemea, una usalama fulani ndani ya uadui huo. Ukiisha wewe, ameisha yeye.

Linganisha na muhogo. Miaka ya 1970 vidung'ata wa muhogo, wadudu weupe wenye ungaunga, walifika Kongo kutoka Amerika Kusini na kuanza kusambaa katika ukanda wote wa muhogo wa Afrika. Watu walipoteza chakula. Mwaka 1981 nyigu mdogo anayeitwa Anagyrus lopezi alipatikana Paraguay, akaletwa, na chini ya uongozi wa Mswisi Hans Herren akasambazwa nchi baada ya nchi, Tanzania ikiwemo. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Muhogo unaoula leo na kachumbari kwenye kibaraza una mkono wa nyigu yule ndani yake.

Na vidung'ata bado wapo. Nenda shambani ugeuze majani ya nchani, utawakuta. Nyigu hutaga ndani yao, wakipungua naye hupungua, wakiongezeka naye huongezeka. Wamekaa hivyo miaka arobaini na kitu. Hakuna anayeshinda, na muhogo unakua.

Nikajiona nimemaliza. Kanuni nimeipata: leta adui mwenye chakula kimoja, usilete mlaji wa kila kitu. Nilitaka kuandika makala haya wakati ule. Yangekuwa mafupi.

Maji moto wakaivuruga

Kilichonizuia ni mkwezi wangu na shingo yake iliyovimba.

Maana mtu niliyekuwa namtafuta tangu mwanzo alikuwa Michael Way, Mwingereza aliyefanya utafiti Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alitaka kujua kwa nini vidaka vinaanguka. Aliyeviangusha alikuwa kunguni wa mimea, mwenye mdomo kama sindano, anayefyonza nazi changa na kuacha makovu yale ya utomvu. Baadaye kunguni huyo aliitwa kwa jina lake, Pseudotheraptus wayi, heshima ambayo sijui kama ningeipenda. Na Way akaonyesha kwamba mnazi wenye maji moto hauna kunguni hao wa kutosha kuleta hasara. Yaani alichosema mkwezi wangu akiwa anajikuna, Way alikiweka kwenye jarida la sayansi mwaka 1953, na nina hakika kuna mkwezi wa Unguja aliyemwambia kwanza.

Sasa maji moto wanakula nini? Wanakula chochote. Kunguni, viwavi, panzi, nzi, kidole changu. Hakuna mlaji wa kila kitu kuwashinda wao. Kwa kanuni yangu, wangekuwa wameshamaliza kunguni wa minazi kabla ya Sultani wa kwanza kutia nanga. Hawajammaliza.

Nililala na hilo. Way mwenyewe ndiye anayelijibu, nadhani, ingawa yeye alikuwa akijibu swali jingine. Aliona kwamba chungu wanagombea miti. Kuna chungu wadogo wa ardhini wanaowafukuza maji moto, na wakishawafukuza hawamgusi kunguni. Kwa hiyo shamba lina mipaka: mnazi huu wa maji moto, ule wa chungu wa chini, wa tatu vita haijaisha. Kunguni anaishi kwenye mianya. Akifukuzwa hapa, kuna mti hatua chache pembeni ambako hakuna anayemshughulikia, na ndiyo maana nilikuwa na vidaka chini ya mmoja na nazi juu ya wa pili.

Nzi anaruka. Nzi hana mpaka wa mti. Viti Levu nzima ilikuwa shamba lake, pamoja na visiwa vidogo vya pembeni, na nondo hakuwa na mnazi hata mmoja wa kujifichia.

Kwa hiyo kanuni yangu ilikuwa nusu tu. Swali la chakula lipo, lakini kuna na swali la pa kukimbilia. Mdudu wa bara akibanwa Tanga huenda akapona Lindi. Mdudu wa kisiwa kimoja hana Lindi.

Rafiki yangu wa ule ujumbe wa sauti aliniuliza swali la haki: ungekuwa wewe Tothill, ungefungua vizimba? Ningefungua. Nimejaribu kujipa jibu jingine na sijaweza, kwa sababu kila mara namwona yule bibi wa Viti Levu na minazi yake. Ila ningepigania kisiwa kimoja kidogo cha pembeni, hata cha minazi michache, kiwekwe nondo ndani ya chandarua na mtu alipwe kukilinda. Kwa koloni iliyoweza kusafirisha bustani ya minazi melini kutoka Malaya, gharama hiyo si kitu. Hakuna aliyeifikiria. Mwaka 1925 nondo wa kuhifadhiwa hakuwa jambo linaloingia akilini mwa mtu yeyote.

Mahindi

Ndugu zangu wa bara mnajua ninakoelekea. Kiwavijeshi vamizi naye ni nondo. Alitoka Amerika, akaonekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka uliofuata alikuwa Tanzania anaitoboa mioyo ya mahindi. Hakuna atakayemlilia huku, nami sitamlilia, na kwao Amerika yupo tele. Watafiti wa nchi kadhaa za Afrika wamekuwa wakilea vinyigu wanaotaga ndani ya mayai yake, na kwa niliyoyasoma ni kazi nzuri kuliko kumwaga sumu kila wiki.

Bwana shamba wetu amesema akipata nafasi atakuja kutueleza habari za vinyigu hao. Watu watamuuliza bei, na kama wanauma. Mimi nataka kumuuliza wakishawapunguza viwavijeshi wataishi kwa mayai ya nani, na kuna nondo gani wengine mashambani mwetu ambao mayai yao yanafanana na hayo. Akiniambia wataalamu wameshaliangalia hilo, na majina ya nondo anayo, na aanze na shamba langu.